Somo la 11: Motokaa za Umeme

Nanganga ni njia panda. Barabara kuu itokayo Mingoyo hupita hapo kuelekea Ndanda na Masasi, na nyingine huchepuka kwenda Ruangwa. Ukisimama hapo kwa saa moja tu utaona mabasi, malori, bajaji na pikipiki nyingi. Karibu vyombo vyote hivyo huendeshwa na injini zinazochoma petroli au dizeli. Katika somo hili tutachunguza motokaa ambazo hazichomi kitu. Huendeshwa na mota, na mota hupata nguvu kutoka katika betri.

Tuseme wanakijiji wa Nanganga wamechanga fedha za kununua motokaa moja ya kubebea wagonjwa. Siku nyingi itakwenda hospitali ya Ndanda, ambako si mbali. Mara chache itakwenda mpaka hospitali ya rufaa ya Mtwara, mwendo wa takriban kilometa 150. Baadhi ya wanakijiji wanataka motokaa ya petroli, wengine wanataka ya umeme. Mgonjwa mahututi hawezi kungoja njiani, kwa hiyo yafaa tufanye hesabu kabla fedha hazijatolewa.

Injini na mota

Umeme wa nyumbani hupimwa kwa uniti, zile zile zinazohesabiwa na mita ya LUKU. Petroli nayo ina nishati, na tunaweza kuihesabu kwa uniti pia. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti zipatazo 9. Hata hivyo, injini haiwezi kuitumia yote. Simama karibu na motokaa iliyotoka safari ndefu, lakini usiiguse. Utahisi joto likitoka mbele na nyuma. Joto hilo ni nishati iliyopotea. Takriban robo tu ya nishati ya petroli ndiyo huzungusha magurudumu.

Mota ya umeme hupoteza nishati kidogo sana. Kwa hiyo motokaa ndogo ya umeme huweza kwenda kama kilometa 6 kwa uniti moja. Motokaa ndogo ya petroli huenda kama kilometa 12 kwa lita moja. Kwa safari ya kilometa 60, ya kwanza itatumia uniti 10, na ya pili itatumia lita 5, yaani uniti 45 za nishati. Hapa motokaa ya umeme imeshinda, wala hakuna haja ya kubishana.

Betri

Mbona basi motokaa za petroli ndizo zilizoenea? Si kwa sababu motokaa za umeme ni uvumbuzi wa jana. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy aliendesha motokaa ya umeme nchini Ufaransa kwa mwendo uliozidi kilometa 100 kwa saa. Kabla yake hakuna motokaa yoyote iliyokuwa imefikia mwendo huo. Tatizo lilikuwa betri. Zilikuwa nzito, na nishati yake ilikwisha upesi.

Betri za siku hizi hutumia madini ya lithiamu, nazo ni bora mara nyingi kuliko zile za kale. Ndani yake mna pia kinywe. Shika penseli yako uitazame ncha yake: ule weusi unaoandika ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Wakati betri inapochajiwa, chembe za lithiamu huingia katika kinywe na kukaa humo. Betri inapotumika, chembe hizo hutoka na kurudi upande wa pili. Kinywe kimo ardhini katika wilaya ya Ruangwa, na barabara ya kwenda huko huanzia hapo hapo Nanganga.

Hata hivyo, betri bado ni nzito. Betri ya uniti 40 ina uzito upatao kilo 300. Lita 40 za petroli zina uzito wa kilo 30 tu.

Safari ndefu

Sasa tumpeleke mgonjwa wetu Mtwara. Motokaa ya Nissan Leaf ilipoanza kuuzwa mwaka 2010 ilikuwa na betri ya uniti 24. Zidisha 24 kwa 6, utapata kilometa 144. Hata ikiwa mpya, haifiki Mtwara. Tena motokaa nyingi zinazoletwa kwetu ni zile zilizokwisha kutumika nchi nyingine. Betri ikizeeka huhifadhi umeme kidogo zaidi, na joto huizeesha upesi. Tuseme imebaki na uniti 16. Itazimika baada ya kilometa 96, na mgonjwa akiwamo ndani.

Motokaa yenye betri mpya ya uniti 40 itafika, kwani 40 mara 6 ni kilometa 240. Itakuwa imebakiwa na umeme wa kilometa 90. Haiwezi kurudi Nanganga bila kuchajiwa. Katika soketi ya kawaida ya nyumbani, betri hupata kama uniti 2 kwa saa, hivyo kuijaza kutoka tupu mpaka pomoni huchukua saa 20. Mtambo mkubwa wa kuchajia waweza kutia sehemu kubwa ya umeme huo kwa muda wa saa moja, lakini sharti mtambo huo uwepo njiani, na umeme usiwe umekatika. Dereva wa motokaa ya petroli hujaza tangi kwa dakika tano akaondoka.

Milima nayo ina hesabu yake. Motokaa yenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria, ikipanda kimo cha mita 400 kuelekea uwanda wa Makonde, hutumia uniti zaidi ya 2 kwa kupanda tu. Wakati wa kuteremka kutoka Newala, jambo la ajabu hutokea. Magurudumu huizungusha mota, nayo mota hugeuka kuwa dainamo na kurudisha sehemu ya umeme ndani ya betri. Injini ya petroli haiwezi kurudisha hata tone moja katika tangi.

Jaribio

Tafuta baiskeli yenye dainamo na taa. Ipindue isimame juu ya usukani na kiti. Egemeza dainamo kwenye tairi, lakini ondoa waya wa taa. Zungusha gurudumu kwa nguvu, kisha hesabu sekunde mpaka lisimame. Rudisha waya, uzungushe tena kwa nguvu ile ile. Taa itawaka. Je, safari hii gurudumu limesimama mapema zaidi? Nishati iliyowasha taa imetoka wapi?

Matengenezo

Motokaa ya umeme haina plagi, haina ekzosi, wala haihitaji kubadilishiwa oili ya injini. Fundi wa Masasi hatakuwa na mengi ya kufungua. Lakini tairi, springi, breki na beringi zimo kama kawaida, na mashimo ya barabarani hayaulizi motokaa inakula nini.

Betri ndiyo kazi ngumu. Ile ya Nissan Leaf ya kwanza ilikuwa na seli 192, zilizofungwa katika vifurushi 48. Unajua kwamba betri moja mbovu ya tochi hufifisha mwanga wote. Vivyo hivyo, seli chache zilizochoka huivuta chini betri nzima. Fundi aliyesomea kazi hiyo huweza kupima vifurushi na kubadili kile kibovu. Asiyesomea asithubutu. Nyaya nene za rangi ya machungwa hubeba umeme wa zaidi ya volti 300, na umeme huo huua.

Mahali zinapofaa

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha motokaa ya umeme iliyoitwa Kiira EV. Mwaka 2018 teksi za Nissan Leaf zilianza kazi Nairobi, na mwaka 2022 mabasi ya umeme ya BasiGo yakafuata. Angalia kwamba vyombo vya Nairobi huzunguka mji ule ule mchana kutwa, na usiku hulala penye soketi. Bajaji ya umeme ingefaa vivyo hivyo kati ya Nanganga na vijiji vya jirani. Lakini kwa motokaa ile moja ya wagonjwa, maadamu hakuna mtambo wa kuchajia wa kutegemewa katika njia ya Mtwara, sisi tungechagua ya petroli.

Maswali

1. Motokaa ya umeme ina betri ya uniti 60. Je, yaweza kwenda Mtwara kutoka Nanganga na kurudi bila kuchajiwa? Itabakiwa na kilometa ngapi?
2. Muulize mzazi au mlezi wako bei ya uniti moja ya umeme na bei ya lita moja ya petroli. Safari ya kilometa 60 itagharimu shilingi ngapi kwa kila motokaa?
3. Wanakijiji wawili wanasema hesabu yetu imesahau usiku ambao petroli imekwisha kijijini. Ungewajibu nini?