MPAKA WA UPEPO WA JUA

Somo letu mwaka huu ni juu ya vyombo viwili vya angani, Voyager 1 na Voyager 2. Marekani ilivirusha mwaka 1977 ili vichunguze sayari kubwa, zikiwemo Mshtarii na Zohali. Vilipomaliza kazi hiyo havikusimama, bali viliendelea kwenda nje.

Kwanza tufahamu mpaka wenyewe. Jua hutoa daima chembe ndogo zenye umeme, ziendazo kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Huo ndio upepo wa Jua. Huvuma kupita sayari zote mpaka ukutane na gesi iliyotanda baina ya nyota, ushindwe kuisukuma zaidi. Ni kama maji ya mto yaingiayo baharini kwa nguvu, kisha nguvu ikaisha. Hapo unapokoma ndipo mpakani, nao mpaka huitwa heliopozi.

Tarehe 25 Agosti 2012, Voyager 1 ikiwa kilomita bilioni 18 hivi kutoka kwenye Jua, chembe za Jua zilipungua ghafla na mionzi kutoka nje ikazidi. Je, ilikuwa imevuka? Wataalamu walikhitilafiana, kwani mwelekeo wa nguvu za sumaku haukubadilika kama walivyotarajia. Tena kipimo chake cha gesi kilikuwa kimeharibika tangu 1980.

Basi wakasubiri. Mwaka 2013 mawimbi ya mlipuko uliotokea Juani mwaka 2012 yaliitikisa gesi ya huko, na antena za chombo zikaunasa mtikisiko. Wakapiga hesabu, wakakuta gesi hiyo imesongamana mara 40 hivi kuliko ya ndani ya mpaka. Ndipo walipotangaza, Septemba 2013. Voyager 2 ilivuka tarehe 5 Novemba 2018, kipimo chake kikiwa kizima.

Faida ya somo hili ni kubwa. Sisi tunaofundishwa kuuliza isnadi kabla ya kuipokea hadithi, tunajua kwamba dhana si elimu. Pia tusizidishe maneno: vyombo hivi vimevuka upepo wa Jua, lakini mvutano wa Jua unafika mbali zaidi ya hapo.

Umeme wa vyombo hivi unapungua kila mwaka, na siku moja vitanyamaza. Tujifunze navyo vingali vikisema.