Mtoto Anayerudi Nyumbani Akikimbilia Choo

Mwanangu alipokuwa darasa la tatu alianza tabia niliyochelewa kuielewa. Akitoka shule mchana hasalimii mtu. Anatupa begi mlangoni, anapitiliza chooni. Kila siku. Nikadhani ni kichocho, nikampeleka zahanati, akapimwa mkojo, hana kitu. Wiki ya tatu nikamwomba bibi yake akae naye, maana yapo mambo ambayo mtoto humwambia bibi tu. Ndipo yakatoka. Vyoo vya wavulana pale shuleni vilikuwa na wenyewe. Wakubwa wa darasa la sita walikaa mlangoni, na ukitaka kupita unatoa mia, au mhogo wako, au unapachikwa jina. Mia hakuwa nayo kila siku. Jina alishapachikwa. Kwa hiyo alikuwa anabana mkojo tangu asubuhi mpaka saa nane.

Wazazi wenzangu hapa Morogoro wamekuwa wakiniuliza shule yetu ilifanyaje baada ya hapo, nami nimeona niandike, nikianza na kosa langu. Nilikwenda shuleni nikiwa na hasira, nikamtaja mwanangu, nikawataja na wale vijana. Asubuhi iliyofuata waliitwa mbele ya mstari wakachapwa, shule nzima ikitazama. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Jioni ile ile walimsubiri mwanangu kwenye kalavati la njia ya kurudi nyumbani, akarudi na shati limechanika. Kiboko kilikuwa kimewafundisha tena somo walilokuwa wakilijua, kwamba mwenye nguvu ndiye hupiga, na kilikuwa kimemwonyesha kila mtu nani kasema.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiende na majina ya watoto mstarini. Nenda kwa mwalimu wa malezi, faragha, useme ulichoona na mahali kilipotokea. Mahali ndipo panaposaidia zaidi. Sisi tulianzia hapo.

Mwalimu wa malezi aliwapa watoto wa darasa la tatu hadi la saba nusu karatasi kila mmoja, akawaambia wachore shule yao na njia ya kurudi nyumbani, kisha wapake rangi nyekundu pale wasipopenda kupita. Hakuna kuandika jina, lako wala la mwenzako. Wa darasa la kwanza na la pili, ambao bado hawawezi kuchora ramani, aliwatembeza uwanjani na kila mmoja akaweka kijiwe mahali panapomtisha. Lilikuwa zoezi la kipindi kimoja, na halikugharimu chochote zaidi ya karatasi na kalamu za rangi. Tulipolipanga lile rundo mezani, hakukuwa na haja ya kubishana. Vyoo vilikuwa vyekundu. Bomba la maji, nyekundu. Nyuma ya jiko, nyekundu. Kalavati. Na pamoja na hayo, mahali ambapo hakuna mtu mzima aliyepafikiria: ndani ya darasa, wakati mwalimu hayupo.

Hilo la darasani lilituuma. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anaandika majina, mwalimu akirudi walioandikwa wanaadhibiwa. Kumbe ile karatasi ilikuwa biashara. Ukitoa karanga jina linafutwa, usipotoa linaandikwa hata kama ulikuwa umenyamaza. Sisi wenyewe ndio tuliompa mtoto wa miaka kumi kalamu yenye adhabu ndani yake. Mwalimu Mkuu aliifuta karatasi hiyo wiki ile ile, na ukiranja ukawa wa kupokezana kila mwezi. Kama una nafasi ya kubadili jambo moja tu shuleni kwenu, anza na hili.

Baadaye tuliitisha kikao chini ya mwembe, na hapa ndipo ninapotaka wajumbe wa kamati za shule wanisikilize vizuri. Tusiite wazazi na walimu tu. Walimu wako darasani, wazazi tuko kazini au shambani. Uonevu hutokea mbele ya watu ambao hatujawahi kuwauliza. Tulimwita mlinzi, mpishi wa uji, vijana wa bodaboda wanaopaki karibu na kalavati, na mama anayeuza mihogo ya kukaanga getini. Mama huyo alisimama akasema, "Kuna kadogo kamoja hununua mhogo kila siku, na sijawahi kukaona kakila." Kikao kizima kilikaa kimya. Alikuwa akiyaona hayo muda wote, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Tangu siku hiyo ana namba ya simu ya mwalimu wa malezi.

Mzee mmoja aliinuka akasema tunakuza mambo, huo ni utani wa watoto, na sisi sote tulipitia. Nilitaka kumjibu, lakini mzee mwenzake alinitangulia, na alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Alisema yeye ni Mngoni, na Wahehe waliopigana na babu zake karne ya 19 leo ni watani wake. Mhehe akimwita mwizi wa kuku, naye ana la kumrudishia, na wote wanacheka. Akifiwa, mtani ndiye wa kwanza kufika msibani. Kisha akauliza: huyu mtoto anayebana mkojo, ana la kumrudishia nani? Na akiugua, hao wanaomtania watakuja kumwona? Tangu hapo hayo ndiyo maswali ninayompa kila mzazi asiyejua kama anachosimuliwa ni utani au uonevu. Je, anaweza kurudisha? Na akisema basi, linaisha?

Kuhusu watoto wanaotazama, nilijifunza jambo kutoka mbali. Mtafiti wa Finland, Christina Salmivalli, pamoja na wenzake, walionyesha mwaka 1996 kwamba darasani uonevu hauna watu wawili tu. Wapo wanaosaidia, wapo wanaocheka, wapo wanaonyamaza, wapo wanaomtetea mnyonge. Programu ya kuzuia uonevu ya KiVa, ya Chuo Kikuu cha Turku, imejengwa juu ya wazo hilo. Kwetu hatukuwa na vitabu vyake, lakini wazo lenyewe halihitaji fedha. Hatukuwaambia watoto wakapigane na wakubwa. Tuliwaambia wasicheke. Tuliwaambia wamfuate anayeonewa wamwambie, "Twende tukacheze," kisha waondoke naye. Mwonevu akikosa wa kumchekea, mchezo wake unapungua ladha.

Lakini watoto waliogopa kuitwa wanoko, na hofu hiyo ni ya kweli, usiipuuze. Mwalimu wa malezi aliwatenganishia: ukimtaja mtu ili achapwe, huo ni unoko, ukisema ili mwenzako apone, huo ni msaada. Na kwa kuwa viboko kwa makosa haya vilisimamishwa, neno lake liliaminika. Kama mtoto anajua kwamba kusema kutaleta fimbo mstarini, hatasema.

Mkubwa wa wale vijana wa vyooni alikuwa akiishi kwa mjomba wake, akitoka nyumbani bila kunywa chai. Mchango wake wa uji haukuwa umelipwa, kwa hiyo saa nne alikuwa akisimama pembeni akitazama wenzake wakinywa. Zile mia zilikuwa mihogo yake. Sisemi hivyo kufuta alichomfanyia mwanangu. Nasema kwamba kamati ilipoamua hakuna mtoto atakayekosa uji kwa deni la mzazi, na wenye mahindi wakaongeza debe moja moja, kelele za vyooni zilishuka kuliko wakati wowote wa fimbo. Alikuja nyumbani na mjomba wake kuomba radhi. Mwanangu hakutaka kumpa mkono siku hiyo, na sikumlazimisha.

Nyumbani nako kuna kazi. Baba yake alizoea kumwambia, "Akikupiga, na wewe mpige." Tuliliongea hilo wenyewe, usiku, mpaka tukakubaliana. Badala ya kumwuliza mtoto nani kakuonea, swali linalomfunga mdomo, sasa tunamwuliza leo alikaa na nani saa ya mapumziko. Akijibu "peke yangu" siku tatu mfululizo, tunajua.

Yapo yasiyomalizwa chini ya mwembe. Mtoto akijeruhiwa, akishikwa mwili asivyotaka, au akitishiwa maisha, usikubali kikao cha kusuluhisha. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mwone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wako.

Ramani tunazichora upya kila Machi, darasa la kwanza wakishazoea shule. Safari hii vyoo vimebaki vyeupe karibu karatasi zote. Kalavati bado ni jekundu msimu wa mvua, kwa sababu bodaboda hujibanza kwingine na hapabaki mtu mzima. Na katika karatasi sita za darasa la nne limepakwa rangi dawati moja la nyuma, karibu na dirisha. Jumanne mwalimu wa malezi ataomba kipindi akakae hapo.