AJALI YA WATU WENGI: NANI ATANGULIE?

Tarehe 24 Juni, 2002 treni ya abiria ilikuwa ikipanda mlima kati ya Msagali na Igandu, jirani na sisi watu wa Gulwe. Ilikuwa na abiria zaidi ya 1,200. Ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Katika ajali kama hiyo, anayefika kwanza si daktari. Ni mchunga ng'ombe, na mama anayetoka kisimani. Gari la wagonjwa huja baadaye. Kwa hiyo somo hili ni lako.

Kwanza tazama hatari. Watu wawili wakimbie kufuata reli, mmoja kila upande, wakipunga kitambaa chekundu ili treni nyingine isimame. Mwingine ampigie simu mkuu wa stesheni. Tangi la mafuta likipinduka, kaeni mbali. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti, 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota. Moto ulilipuka ukaua zaidi ya watu 100.

Sasa majeruhi. Usimkimbilie anayepiga kelele. Mwenye kupiga kelele anapumua. Mtafute aliyenyamaza.

Paza sauti: "Anayeweza kutembea aende chini ya mbuyu ule!" Watakaokwenda wanaweza kungoja. Mmoja abaki nao awaangalie, kwa sababu hali ya mtu hubadilika.

Kisha mwendee kila aliyelala. Je, anapumua? Kama hapumui, inua kidevu chake polepole, toa kitu kilichomo mdomoni. Akianza kupumua, mlaze ubavu. Huyu ni wa kwanza. Asipopumua kabisa, mwache uende kwa mwingine.

Najua neno hili ni gumu. Labda aliyelala ni shemeji yako, au mtoto wa dada yako. Watu watakulaumu kwamba umemwacha. Lakini ukikaa hapo nusu saa, watatu waliokuwa na uhai watakwisha damu nyuma yako. Wasaidizi wakiwa wengi, mmoja atarudi kwake.

Wa kwanza pia ni hawa: anayetoka damu nyingi, anayehema mara zaidi ya 30 kwa dakika, na asiyeelewa ukimwambia "nishike mkono". Damu ikandamize kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua-funua. Vaa mfuko wa plastiki mikononi. Damu ya mguu au mkono ikikataa kukoma, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza kwa kijiti, uandike saa uliyofunga.

Mfunge kila mmoja kipande cha khanga mkononi: chekundu kwa wa kwanza, cha njano kwa wa pili, cha kijani kwa watembeao. Cheo hakihesabiwi. Larrey, daktari wa jeshi la Ufaransa, alifanya hivyo zaidi ya miaka 200 iliyopita: alitazama jeraha, si nyota za begani.

Gari la kwanza likifika, wenye nguvu ndio hupanda. Mgambo wazuie. Wenye kitambaa chekundu watangulie.

Usimkalishe aliyeumia shingo au mgongo. Usimnyweshe maji aliyezimia. Usichomoe chuma kilichozama mwilini.

Haya yote hayawezekani kama kijiji hakikujiandaa. Mtendaji awe na orodha ya wenye magari na pikipiki, na namba zao. Machela hutengenezwa kwa miti miwili na magunia mawili yaliyotobolewa pembe. Tengenezeni sasa, muiweke zahanati. Na mjaribu kumbeba mtu mzito, msijidanganye na mtoto.

Swali la kujadili darasani: Lori limepinduka. Mzee anapiga kelele, mguu umevunjika. Kijana amenyamaza, anahema mbio, tumbo limevimba. Msichana anatembea huku analia, paji la uso limechubuka. Gari lina nafasi moja. Nani apande?