Kukaimu Nafasi ya Mzazi Aliye Vitani



Ndugu zangu wanajumuiya, katika somo hili tutatazama hadithi ambayo wengi wetu tunaishika nusu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Zayd bin Khalid al-Juhani (r.a.). Maana yake ni kwamba anayemwandalia vifaa mpiganaji katika njia ya Mwenyezi Mungu huhesabiwa kuwa naye amepigana, na anayebaki nyuma akaiangalia familia ya mpiganaji huyo kwa wema huhesabiwa vivyo hivyo. Sehemu ya kwanza tunaisikia kila panapokuwa na mchango. Sehemu ya pili hatuisikii sana, nayo ndiyo inayomhusu mwanafunzi asiye na fedha lakini mwenye Jumamosi.

Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni "khalafa". Ndilo shina la neno "khalifa", yule anayekuja nyuma ya mwenzake na kushika mahali pake. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "kukaimu". Kwa hiyo hadithi inadai zaidi ya kutembelea familia na kupeleka mfuko wa sukari siku ya Idi. Inadai mtu akae mahali palipoachwa wazi mpaka mwenyewe arudi.

Hapa Uganda jambo hili halipo mbali nasi. Wanajeshi wa UPDF walianza kuingia Somalia mwezi Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika, na tangu hapo vikosi vimekuwa vikipokezana. Tarehe 30 Novemba 2021 operesheni nyingine ilianza mashariki mwa Kongo. Kila kikosi kinachoondoka huacha kambini watoto wanaohesabu miezi. Mara nyingi anayeondoka ni baba, ila wamo pia akina mama wanajeshi, na watoto wao hubaki na bibi au shangazi.

Swali ambalo nimelisikia msikitini na darasani ni hili: je, hadithi inamhusu askari wa mshahara aliyepelekwa na serikali, anayepigana na watu wanaojiita Waislamu? Ni swali la haki, na wenye elimu kuliko mimi walijadili. Lakini halimgusi mtoto. Qur'ani katika Suratul An'am, aya ya 164, inatufundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto wa miaka minane hakumtuma baba yake popote. Hata mwenye shaka juu ya vita hana ruhusa ya kuihamishia shaka hiyo kwa mtoto. Kwa sababu hiyo hiyo hatuchagui watoto kwa dini. Mtoto wa jirani Mkristo ambaye mama yake yupo Mogadishu naye anakosa mtu wa kutazama daftari lake.

Mfano wa Mtume

Mwaka wa 8 Hijria, Ja'far bin Abi Talib (r.a.) aliuawa Mu'ta. Imam Ahmad amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliiacha familia siku tatu, kisha akawaendea. Aliagiza watoto waletwe, akaita kinyozi awanyoe. Akamtaja mmoja kuwa anafanana na Abu Talib, na Abdullah kuwa anafanana naye mwenyewe kwa umbo na tabia. Akamwomba Mwenyezi Mungu amkaimu Ja'far katika familia yake, kwa neno lile lile la "khalafa", na ambariki Abdullah katika biashara zake. Mama yao, Asma bint Umays, alipotaja uyatima wao, alimwambia asiwahofie umaskini ilhali yeye ndiye mlezi wao.

Tuangalie mpangilio. Kwanza mahitaji ya mwili: nywele. Pili kila mtoto anatambuliwa kwa sifa yake. Tatu anaombewa baraka katika kazi ya mikono yake, tena akiwa bado mdogo. Mwisho mama anahakikishiwa kwamba mlezi yupo. Watoto wale walikuwa wamefiwa, na wa kambini wengi wazazi wao wako hai. Lakini njia ya kumkaimu mtu ni ile ile.

Shughuli nne

Haya ninayoyapendekeza yanafaa kwa kundi la watoto kumi na tano na wanafunzi wanne, saa mbili kila Jumamosi.

1. Daftari la sura. Mtoto Mwislamu anachagua sura za Juzuu Amma atakazohifadhi kabla mzazi hajarudi. Kila anayoimaliza inaandikwa kwa tarehe. Mtoto asiye Mwislamu anaandika vitabu alivyosoma au hesabu alizozishinda. Muda wa kusubiri unapata alama zinazoonekana, na mzazi akirudi ana kitu cha kuulizia.

2. Mchezo. Mpira wa majani makavu ya migomba, kuruka kamba, na omweso kwa wanaopenda kufikiri. Asionekane kwamba anapoteza muda. Mtume (s.a.w.) alimuuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, habari za ndege wake aliyekuwa akicheza naye na ambaye alikuwa amekufa. Aliulizia kile kilichokuwa kikubwa machoni pa mtoto.

3. Barua. Watoto wa kambini wazazi wao wametoka kila pembe ya nchi, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Basi waandike kwa Kiswahili, barua moja kwa mwezi: nimeng'oka jino, tumefunga mabao mawili, mdogo wangu ameanza kutembea. Namna ya kuifikisha ni kazi ya familia na jeshi. Isipopata njia, ihifadhiwe kwenye daftari.

4. Bustani ya magunia. Nafasi kambini ni ndogo, lakini gunia la udongo linatosha kuotesha mchicha, ambao wengi huuita dodo, na vitunguu. Wakivuna, wauze wenyewe na wahesabu wenyewe. Hapo tukumbuke dua aliyoombewa Abdullah bin Ja'far.

Mipaka

Tuingie kambini kwa idhini ya uongozi wake na ya mlezi wa kila mtoto. Wawepo watu wazima wawili wakati wote, mahali pa wazi. Tusipige picha za watoto na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp. Tusimuulize mtoto baba yuko kituo gani au anarudi lini, kwa kuwa habari hizo zinaweza kumdhuru mtu. Saa ya Qur'ani ni kwa watoto wa Kiislamu tu, na hatutumii upweke wa mtoto kumbadilisha dini.

Kuhusu habari mbaya, tuwe na msimamo kabla hazijafika. Tarehe 26 Mei 2023 kituo cha UPDF cha Buulo Mareer kilishambuliwa, na Rais Museveni alitangaza baadaye kwamba wanajeshi 54 waliuawa. Siku kama hizo uvumi hukimbia kwenye simu kuliko taarifa rasmi. Sisi hatuthibitishi wala hatukanushi lolote mbele ya mtoto. Kumwambia ni kazi ya jeshi na ya familia. Kazi yetu ni kuwepo Jumamosi hiyo, kwa saa ile ile, mpira uwepo, na anayetaka kukaa kimya aachwe akae karibu nasi.

Kalenda ya nani?

Jambo gumu kuliko yote ni muda. Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alimuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mke anaweza kuvumilia kutokuwepo kwa mumewe, kisha akaweka ukomo kwa wanajeshi wake, miezi minne katika riwaya moja na sita katika nyingine. Alijua kwamba kutokuwepo kuna kipimo. Zamu ya Somalia huweza kufika mwaka na zaidi, na semesta yetu haifiki miezi mitano. Tukianza Agosti na kutoweka Desemba, mtoto aliyeagana na baba ataagana na sisi pia, tena bila kuelezwa. Tutakuwa tumemwongezea mtu mwingine anayeondoka.

Kwa hiyo ratiba ifuate zamu ya kikosi. Kila mtoto awe na walezi wawili: mwanafunzi mmoja, na mtu mmoja anayeishi hapo, kama ustadhi wa madrasa au mama jirani wa kambini. Mwanafunzi anapokwenda likizo, amwambie mtoto siku anayoondoka, nani atashika nafasi yake na lini atarudi. Mwenye uwezo wa mara moja kwa mwezi aahidi mara moja kwa mwezi. Kuvunja ahadi ni miongoni mwa alama za mnafiki, na ahadi aliyopewa mtoto ni ahadi.

Kazi hii ina mwisho wake. Muslim amepokea kutoka kwa Abdullah bin Ja'far yule yule kwamba Mtume (s.a.w.) aliporudi safari, watoto wa nyumba yake walipelekwa kumlaki, naye akawapakia juu ya mnyama wake, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mzazi akirudi, mtoto ndiye wa kwanza. Siku hiyo sisi tukae pembeni. Tumkabidhi mtoto daftari lake alipeleke mwenyewe, na Jumamosi inayofuata tumwachie nyumbani.

Wenye nia wamwone katibu wa jumuiya baada ya swala ya Ijumaa, kila mmoja akiwa ameshaandika ni Jumamosi ngapi anaziweza kweli mpaka mwisho wa mwaka. Mwenyezi Mungu awakaimu wote walio mbali na watoto wao, awarudishe salama.

Wabillahi tawfiq.