Nani Ashike Kamera?

Swali: Tunatengeneza filamu ya mafunzo Jinja na Mbale. Mmoja wetu hupiga video za harusi, mwingine katoka redioni, wa tatu ni fundi umeme. Nani ashike kamera?

Jibu: Wa harusi, hasa mkiingia kwenye imbalu, jando la Wagisu wa Mbale la kila mwaka shufwa. Kijana akishasimama mbele ya ngariba, hakuna kurudia, na mpiga harusi amezoea tukio lisilomsubiri. Kwenye mazungumzo ya waigizaji, ambako mtarudia mara nyingi, mtulizeni asiwafuatefuate. Ruhusa ya wazee ya kupiga imbalu iombwe mapema. Nalisisitiza sana hili. Wa redio apewe sauti, tena asikilizwe: kando ya Nile pale Jinja, kelele za maji huweza kumeza maneno. Fundi umeme ashike taa. Mkichukua msaidizi, ajue Kisoga cha Jinja na Kigisu cha Mbale.