Godoro Lako Ulibebe Mwenyewe

Somo: Yohana 5:1-15. Soma pia Mithali 25:16 na 1 Wakorintho 6:19-20.



Wengi wenu mnaujua ushuhuda wangu, maana mlichanga. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kilo 131, sukari imepanda, magoti hayanibebi. Nikaenda Nairobi nikafanyiwa upasuaji wa kufungwa mshipi tumboni. Kaka yangu kule Ganze aliuza ng'ombe wawili, nanyi mkafanya harambee. Niliporudi nilisimama madhabahuni, mkapiga vigelegele. Leo nasema sehemu ambayo siku ile haikuwepo bado, na ilipokuja nikaificha.

Mwaka wa kwanza nilipungua kilo 34. Mwaka wa pili zikarudi 19. Nikasema mshipi ni mbovu. Nikasema ni pepo wa ulafi, nikapanga foleni ya maombezi mara tatu. Mpaka siku moja kliniki, muuguzi akaniuliza swali moja tu: "Mama, unakunywa nini?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Mshipi huu ni wa silikoni. Daktari huuzungusha sehemu ya juu ya tumbo, pakabaki kifuko kidogo cha kutosha vijiko viwili hivi vya mezani. Una kimrija kinachofika chini ya ngozi, na hapo daktari huongeza au kupunguza maji ya chumvi ili ukaze au ulegee. Hakuna kinachokatwa tumboni. Chakula kigumu hupita polepole, ukashiba mapema. Lakini kitu cha majimaji na kitamu hupita kama maji ya mfereji. Mahamri yalinikwama, nikayaacha. Ila soda, sharubati ya embe, aiskrimu na chai ya maziwa ya vijiko vitatu vya sukari, hivyo vilipita bila shida. Soda ya nusu lita huwa na sukari ya gramu 50 hivi, yaani kama vijiko 12 vya chai. Mimi nilikunywa mbili kwa siku, halafu nikamlaumu shetani.

Sasa turudi Yohana 5. Yule mtu alikuwa mgonjwa miaka 38. Yesu alimuuliza kama anataka kuwa mzima, naye akajibu kwa kueleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Bwana hakubishana naye. Alimwamuru ainuke, achukue godoro lake, aende. Uponyaji ulitoka kwa Bwana, lakini godoro alilibeba mwenyewe. Hakutumwa malaika kulibeba.

1. Msaada hautufanyii kazi yetu. Upasuaji ni msaada, tena tusiudharau. Paulo alisafiri na Luka, na katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu. Lakini daktari alifunga tumbo, hakufunga mkono wangu wala mdomo. Siku hizi wengi hufanyiwa upasuaji mwingine, wa kukata sehemu ya tumbo, na hao pia huambiwa hivyo hivyo: kazi kubwa inaanza ukitoka hospitali.

2. Godoro hubebwa kila siku. Haya ndiyo ninayofanya sasa:
- Naanza na samaki, maharagwe au yai, kisha mchicha au mchunga, wali au sima mwisho.
- Natafuna mpaka chakula kilainike kabisa, kwa sahani ndogo. Nikihisi nimetosheka naacha, hata kama yamebaki matonge mawili.
- Sinywi maji nikila. Nasubiri nusu saa. Kinywaji changu ni maji, na chai bila sukari.
- Natembea. Alfajiri navuka daraja la Kilifi mpaka Mnarani na kurudi. Mwanzoni niliishia katikati nikashika vyuma.
- Sikosi kliniki, na vidonge vya vitamini namezea hapo hapo jikoni nisisahau.

Na ukiona unatapika mara kwa mara, au una maumivu makali, au hata maji hayapiti, usingoje ibada ya Jumapili. Mshipi unaweza kuteleza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maombi tutakuombea ukiwa njiani.

3. Sema kweli. Nilimwambia mchungaji kwamba kufunga siku tatu bila maji siwezi tena mpaka daktari aruhusu. Kumbe hakuna aliyenihukumu. Sasa nafunga vitu vingine. Lililo gumu zaidi ni sahani za wapendwa. Harusini, matangani, ushirika wa nyumbani, utasikia: "Yaani umekikataa chakula changu?" Nimejifunza kujibu, "Dada, ni kitamu, nifungie kidogo." Nanyi mnaopakua, nawasihi, mkiambiwa basi, iwe basi. Mithali inatuonya kuhusu asali: kitu kizuri, chema, lakini kikizidi hutapikwa. Mimi hilo nimelisoma kwa tumbo.

4. Tusihukumiane. Unene si dhambi. Kuna wanaozaliwa na mwili wa kunenepa, na kuna dawa na magonjwa yanayonenepesha. Nilipokuwa mnene walisema mlafi. Nilipokonda wakanong'ona nina ugonjwa. Hekalu la mtu mwingine si lako kulikagua. Angalia lako.

Kilo zile 19, nimeshapunguza 12. Sukari imeshuka. Nilienda Ganze nikamwambia kaka yangu ukweli wote kuhusu soda. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Dada, ng'ombe nitapata wengine. Wewe ishi." Nalia nikiandika hapa.

Maswali ya ushirika
1. Ni msaada gani umepewa na Mungu au na watu, nawe hujaubebea godoro?
2. Ni jambo gani unamsingizia shetani ilhali unalijua jibu lake?
3. Nyumbani kwako, mgeni anaweza kusema "nimeshiba" akaaminiwa?

Tuombe: Bwana, asante kwa mikono ya madaktari na ya ndugu waliotuchangia. Tupe neema ya kubeba sehemu yetu leo, na kesho tena. Katika jina la Yesu, Amina.