Kasha la Chuma na Kazi ya Mshazari
Fundi wa Kasulu atengenezaye kasha la kupelekea mashine stesheni ya Kigoma huanza na fremu ya chuma cha pembe. Mraba mtupu, ukisukumwa kwa juu, hulala upande, pembetatu hailali. (Wanafunzi wajaribu kwa vijiti na misumari.)

Tuseme kasha lina meta 1 kila upande, na juu yake limepakiwa jingine la kilo 300. Dereva akifunga breki kwa nusu ya mchapuko wa graviti, kani ni niutoni 1,470, yaani 735 kila ubavu. Mshazari hubeba 735 × √2, karibu niutoni 1,040. Chuma bapa cha milimita 30 × 3 chatosha mno kikivutwa, lakini kikisukumwa hujikunja. Basi kila ubavu uwekewe miwili inayokingamana: jumla kilo 8 tu. Palipo na hatari hasa ni penye weldi.